Mti Mkavu na Mti Uliopogolewa: Taashira ya Mimea katika Fasihi ya Udhanaishi, Ikisomwa Kutoka Nyansiongo

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno "ishara" limetumiwa kwa muda mrefu kana kwamba ni orodha iliyokwisha kufungwa: mti ni uhai, ukavu ni kifo, ua ni uzuri, mwiba ni mateso, mbegu ni matumaini. Mwanafunzi wa sekondari huikariri orodha hii, huiandika katika mtihani, naye mtahini humpa alama zake. Njia hii haikosi manufaa katika kazi zenye mafumbo mepesi. Lakini inashindwa inapofikishwa mbele ya fasihi ya udhanaishi, kwa sababu fasihi hiyo ilizaliwa kutokana na shaka juu ya jambo lile lile ambalo orodha hulichukua kuwa hakika, yaani kwamba vitu vina maana iliyowekwa tayari kabla mtu hajavikuta.

Makala haya yanachunguza nafasi ya miti na mimea katika fasihi ya udhanaishi ya Ulaya na katika maandishi ya Kiswahili ambayo wahakiki wameyahusisha na falsafa hiyo, hasa ya Euphrase Kezilahabi (1944-2020). Hoja yake ni kwamba mti wa mdhanaishi wa Ulaya hupata uzito wake wa kifasihi pale unapopoteza jina, ilhali mti wa Kiswahili haupotezi jina. Hupoteza uwezo wa kumbeba anayeuegemea. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mhakiki asiyeitambua atamsoma Kezilahabi kama mwanafunzi mtiifu wa Wafaransa, au atamlaumu kwa kukata tamaa ambako hakukuwa kwake.

Mahali palipochaguliwa pa kuipimia hoja hii ni Nyansiongo, katika eneo la Borabu, Nyamira, kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Sababu za uchaguzi huo ni mbili. Kwanza, msomaji wa huko hukutana na Kiswahili cha fasihi shuleni, akitoka katika Ekegusii, na methali za pwani humfikia kama maneno ya nchi nyingine ya mimea. Pili, mimea iliyo mbele ya macho yake, kwa sehemu kubwa, imepandwa katika muda ambao wazee waliweza kuusimulia. Katika miaka ya 1960 mashamba ya walowezi wa Kizungu yaliyopakana na nchi ya Abagusii yaligawanywa kuwa makazi ya wakulima Waafrika, na Nyansiongo ikawa mojawapo ya makazi hayo. Pale ambapo aliyepanda anajulikana, mti hauwezi kusomwa kana kwamba uliota wenyewe katika ukurasa wa kitabu.

2. Mti unaopoteza jina

Mfano unaotajwa zaidi ya yote ni ule wa Jean-Paul Sartre katika riwaya yake La Nausée (1938), yaani kichefuchefu. Mhusika mkuu, Antoine Roquentin, ameketi katika bustani ya mji wa Bouville, na mbele yake kuna mzizi wa mti mkubwa wa bustani za Ulaya, mchesinati. Akiutazama, maneno yanamtoroka. Hakumbuki tena kwamba kile ni mzizi. Kinachobaki ni kitu cheusi, kizito, kilichopo bila sababu na bila ruhusa ya mtu yeyote. Kichefuchefu anachokisikia si chuki dhidi ya mti. Ni utambuzi kwamba jina lilikuwa kitambaa kilichotandazwa juu ya kitu, na kitambaa hicho kimeanguka.

Lililo muhimu kwa mhakiki ni mahali penyewe. Ni bustani ya umma. Mti ule hauna mwenyewe. Hakuna anayekula matunda yake, anayekata kuni zake, wala anayezika wafu wake chini yake. Umewekwa pale ili utazamwe. Roquentin naye ni mtu asiye na mke, asiye na jirani wa karibu, asiye na shamba. Sartre ameondoa kwa uangalifu uhusiano wote ambao kwa kawaida humfunga mtu na mti, kisha akaonyesha kwamba mti uliobaki hauna maana. Jaribio hilo ni halali, lakini matokeo yake yanahusu mti ulioondolewa katika kazi, si kila mti.

Katika mhadhara wake wa mwaka 1945 juu ya udhanaishi na utu, Sartre alishikilia kwamba kuwako kwa mtu hutangulia kiini chake: mtu huwapo kwanza, kisha hujifanya kuwa alivyo kwa matendo yake. Ili kuonyesha kile ambacho mtu sicho, alitaja vitu kama kuvu na koliflawa. Mmea, kwa maoni hayo, hauna mradi wa maisha, unakuwa tu. Kwa hiyo mmea una kazi mbili katika fasihi ya Sartre: unamfichulia mtu kwamba vitu havina sababu, na unamwonyesha mtu, kwa kinyume, uhuru wake mwenyewe.

Samuel Beckett alikwenda njia nyingine kidogo. Katika tamthilia yake En attendant Godot, iliyochapishwa mwaka 1952 na kuonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1953, jukwaani pana njia na mti mmoja tu. Katika tendo la kwanza mti hauna majani. Katika tendo la pili una majani machache. Wahusika wawili wanaomngojea Godot wanafikiria kujinyonga katika mti huo, lakini hawafanyi hivyo. Wahakiki wamebishana kwa miaka mingi iwapo majani yale machache ni matumaini au ni dhihaka. Ubishi huo wote unasimama juu ya jambo ambalo halikusemwa, kwamba mti usio na majani ni mti wa kipupwe, na kwamba kipupwe ni mfano wa mauti. Mtazamaji wa Ulaya hahitaji kuambiwa hayo. Hali ya hewa ya nchi yake imekwisha kumwambia. Suala la mtazamaji wa nchi nyingine litarejewa katika sehemu ya sita.

3. Mti unaoitwa kwa tunda lake

Kabla ya kuingia katika riwaya, inafaa kuitazama lugha yenyewe. Katika Kiswahili, majina mengi ya miti hujengwa juu ya jina la tunda au zao: mnazi na nazi, mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mpera na pera, mkarafuu na karafuu. Kiambishi m- hubeba mti, na shina la neno hubeba kile ambacho mti humpa mtu. Si miti yote iliyo hivyo. Mvule na mkoko haina tunda liletalo jina. Hata hivyo utaratibu huu umeenea kiasi cha kumfanya msemaji wa Kiswahili auone mti, tangu katika jina lake, kama mtoaji. Kusema "mwembe" ni kusema pia embe.

Matokeo yake katika fasihi ni makubwa. Mzizi wa Roquentin ulikuwa na jina lisilohusiana na kitu, nalo likaanguka kwa urahisi. Jina la mwembe haliwezi kuanguka kwa njia hiyo, kwa maana halikubandikwa juu ya kitu. Limetoka katika shughuli ya mtu na kitu hicho. Linaloweza kutokea ni jambo lingine: mwembe usizae embe. Hapo jina litabaki, na litakuwa deni. Ukiwa wa Kiswahili ni mti wenye jina usiotoa kile ambacho jina lake limeahidi.

Kuna jambo la pili. Neno "mti" humaanisha mmea ulio hai, na pia ubao, nguzo na kijiti. Mti uliokufa hauachi kuwa mti. Kwa hiyo "mti mkavu" si msemo wa kupingana wenyewe kwa wenyewe. Ni kitu cha kila siku, kinachouzwa na kununuliwa. Boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, na zilizotumika kuezekea nyumba za mawe za Lamu, zilikuwa miti mikavu, na upana wa vyumba vya nyumba hizo ulifuata urefu wa boriti. Mti mkavu, basi, hubeba. Swali lililopo ni utabeba hadi lini.

4. "Dunia mti mkavu"

Kwa msingi huo ndipo inapoweza kusomwa vema methali maarufu ya Waswahili: Dunia mti mkavu, kiumbe siulemele. Katika madarasa mengi methali hii hufafanuliwa kwa kifupi kwamba dunia ni hatari. Ufafanuzi huo umeacha kitenzi, na kitenzi ndicho kiini. Kulemela ni kuweka uzito juu ya kitu, kujitupa juu yake kwa kukitegemea. Methali haisemi kwamba mti haupo, wala kwamba hauna maana, wala kwamba mtu asiuguse. Inasema asiweke uzito wake wote hapo. Mti mkavu unasimama wima na unaonekana imara. Mchwa wako ndani. Hatari inajulikana tu kwa yule aliyekwisha kuegemea.

Hii ni falsafa ya kuwako, ingawa ilitungwa muda mrefu kabla neno "udhanaishi" halijabuniwa. Asili yake ni ya kidini: kiumbe anaonywa asiilemele dunia kwa sababu ana mahali pengine pa kuegemea, kwa Muumba wake. Alichokifanya Kezilahabi ni kuiacha sehemu ya kwanza ya onyo na kuiondoa ya pili. Wahusika wake wanagundua kwamba mti ni mkavu, kisha wanatafuta pa kuegemea pengine, nao hawapaoni.

Hilo laonekana wazi katika Kichwamaji (1974). Kazimoto, kijana msomi kutoka Ukerewe, si Roquentin. Hakai peke yake akitazama mzizi. Ana wazazi, ana dada, ana rafiki, ana mke. Riwaya inamwendesha kutoka egemeo moja hadi jingine. Anaegemea elimu, na elimu inamtenga na wazee wake. Anaegemea urafiki, na rafiki yake Manase ndiye anayeiletea nyumba yao maafa kwa kumharibu dada yake Rukia. Anaegemea ndoa na Sabina, na ndoa inazaa mtoto mwenye kichwa kikubwa, ishara ya ugonjwa ambao baba ameuleta mwenyewe. Mwishoni anajiua. Wahakiki wengi wameona hapa athari ya Camus na Sartre, na athari hiyo haikanushiki. Lakini muundo wa riwaya haufuati ugunduzi wa ghafula wa mtu mmoja mbele ya kitu kimoja. Unafuata ule mfululizo wa kulemela na kuvunjika. Kila kinachovunjika ni uhusiano, na kila uhusiano una jina lake kamili: mwana, ndugu, rafiki, mume, baba. Majina yamebaki yote. Yameshindwa kubeba.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) mambo ni hayo hayo kwa sura ya uchumi. Tumaini, ambaye jina lake ni ahadi kama jina la mwembe, anaegemea ardhi. Baada ya ujana wa fujo anakuwa mkulima mkubwa, na shamba linaelekea kumpa maana aliyoikosa. Siasa ya Ujamaa inapoifikia ardhi hiyo, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Wahakiki wa mrengo wa kijamaa walimlaumu mwandishi kwa kutoonyesha njia ya matumaini. Lawama hiyo ilistahili kujibiwa, na jibu mojawapo lilitoka Zanzibar. Said Ahmed Mohamed aliichukua methali ile ile akaifanya jina la riwaya, Dunia Mti Mkavu (1980), akisimulia maisha ya wakulima na wafanyakazi wa visiwa hivyo wakati wa ukoloni. Kwa kuiweka methali juu ya hadithi ya jasho na unyonyaji, anamfanya msomaji aulize jambo ambalo methali haikuuliza: mti huu ulikaukaje, na nani alikunywa maji yake?

Hapo ndipo waandishi hawa wawili wanapokutana na kuachana. Kwa Kezilahabi ukavu ni hali ya dunia. Kwa Said Ahmed Mohamed ukavu ni tendo la watu. Lakini wote wawili wanaukubali mti wa Kiswahili, mti wa kuegemewa. Hakuna kati yao aliyehitaji kuusahaulisha jina lake ili kuufanya uzungumze.

5. Waridi na punje

Katika riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), Kezilahabi alikuwa amekwisha kulitumia jina la mmea kwa namna inayoigeuza kanuni ya Sartre juu chini. Rosa Mistika, yaani waridi la fumbo, ni mojawapo ya majina ya sifa anayoitwa Bikira Maria katika Litania ya Loreto, na mwandishi, aliyepata kusoma seminari, alilijua vizuri. Msichana wa Ukerewe anapewa jina la ua lisilo na doa kabla hajaishi siku moja. Mdogo wake anaitwa Flora. Ukali wa baba yake, Zakaria, ni juhudi ya kulihifadhi ua hilo kwa fimbo. Rosa anapotoka nyumbani na kupata uhuru hajui kuutumia, na anapokataliwa na mchumba kwa sababu si bikira tena, anajiua.

Msomaji wa orodha za ishara ataandika kwamba waridi ni usafi uliochafuliwa. Kwa kuandika hivyo ataungana na Zakaria na yule mchumba, kwani hao nao walimsoma Rosa kama ishara. Msiba wa riwaya ni kwamba kiini kilitangulia kuwako: jina la mmea liliwekwa kwanza, na maisha yakatakiwa yalifuate. Rosa anauawa na taashira. Mhakiki anayeendelea kuitumia taashira hiyo hiyo bila kuihoji hajaisoma riwaya. Ameirudia kesi upande wa mashtaka.

Kutoka visiwa vya Ziwa Viktoria hadi nyanda za juu za Kenya kuna mfano unaofaa kulinganishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat (1967), alichukua punje ya ngano ya Mtume Paulo, isiyohuika isipokufa, akaiweka katika siku za kuelekea Uhuru wa Desemba 1963. Mugo, mtu mpweke asiyetaka kuhusiana na yeyote, alitafuta kimbilio katika udongo na kazi ya mikono yake mwenyewe. Katika wahusika wa fasihi ya Kenya huenda hakuna aliye jirani zaidi na Roquentin. Lakini upweke wake hauishii katika kichefuchefu. Unaishia katika maungamo mbele ya watu, kwamba alimsaliti Kihika aliyenyongwa hadharani. Udongo haukumficha. Kwa Ngũgĩ mbegu ni mali ya jumuiya hata pale mtu mmoja anapoizika kwa siri.

Waandishi hawa wametofautiana katika itikadi, lakini mimea yao ina sifa moja ya pamoja. Daima kuna aliyeipanda, aliyeipa jina, au anayeidai. Hilo ndilo linaloifanya Nyansiongo kuwa mahali pafaapo kuwasomea.

6. Mti ulio kijani daima

Nyanda za Kisii na Nyamira kwa kawaida hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua hiyo husambaa katika miezi mingi. Si nchi ya ukavu. Mwanafunzi wa Nyansiongo anaposoma "dunia mti mkavu", akitazama dirishani anaona vilima vya kijani kibichi vya chai, vilivyo vile vile Januari na Julai. Mwalimu anayetafsiri methali kwa orodha humwambia kwamba ukavu ni kifo na ukijani ni uhai. Kwa tafsiri hiyo mwanafunzi huyo angepaswa kuamini kwamba amezungukwa na uhai mtupu, na kwamba methali inawahusu watu wa mbali. Mimea iliyopo inakataa hitimisho hilo.

Mchai kwa asili ni mti. Ukiachwa ukue hufikia urefu wa mita 10 au zaidi. Katika shamba hauachwi. Hukatwa ungali mchanga ili utawanye matawi, hushikiliwa katika kimo cha kiuno cha mchumaji, na kila baada ya miaka mitatu au minne hupogolewa tena. Sehemu ya juu hufanywa kuwa bapa kama meza, na vidole vya mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi kabla chipukizi hilo halijawa tawi. Ukijani wake wa daima ni matokeo ya kuzuiwa. Ni kijani kwa sababu haujaruhusiwa kuwa kitu kingine.

Lugha imeliona jambo hili kabla ya mhakiki. Kwa kanuni iliyoelezwa katika sehemu ya tatu, mti huu ungeitwa mchai, na kamusi zinalo neno hilo. Lakini wakulima wa Kenya wanaozungumza Kiswahili husema "majani chai", au "majani" tu: kupanda majani, kuchuma majani, kupeleka majani. Kiambishi cha mti kimetoweka. Hapa basi pana mti uliopoteza jina, kama ule wa Bouville, lakini kwa njia iliyo kinyume kabisa. Roquentin alilipoteza jina la mzizi kwa kuwa mti haukuwa na kazi yoyote kwake. Mkulima wa Nyansiongo amelipoteza jina la mti kwa kuwa kazi ya mti imeumeza mti wote. Kilichobaki ni kile kinachopimwa kwenye mizani.

Historia inaongeza uzito wa taashira hii. Kwa miaka mingi ya ukoloni kilimo cha chai kilikuwa cha makampuni na walowezi. Mkulima mdogo Mwafrika alifunguliwa mlango mwishoni, katika miaka ya 1950, na chombo cha kusimamia chai ya wakulima wadogo, kilichojulikana kwa herufi KTDA, kikaundwa mwaka 1964. Waliohamia katika makazi ya miaka ya 1960 waliipata ardhi kwa mikopo iliyopaswa kulipwa. Nyansiongo ikaja kuwa na kiwanda chake cha chai. Mmea uliokuwa alama ya kunyimwa ukawa alama ya kumiliki, na hapo hapo ukawa egemeo: karo za shule, mabati ya nyumba na gharama za mazishi vimetundikwa juu ya kichaka kisichozidi kiuno. Methali ya pwani inarudi hapa ikiwa na maana mpya. Usiulemele, si kwa kuwa ni mkavu, bali kwa kuwa umekatwa usipate shina la kuegemewa. Bei yake huamuliwa mbali na kilima kilipopandwa.

Kando ya chai imesimama mikaratusi. Mti huu wa asili ya Australia uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za reli, ukaenea nyanda zote za juu. Unakua upesi, ukikatwa huchipua, na kuni zake hukausha majani katika viwanda vya chai. Unalaumiwa kwa kunywa maji ya chemchemi. Kama kuna mti katika Nyansiongo unaofanana na udhanaishi wa orodha, ule wa "mgeni" aliyetupwa duniani, huenda mhakiki mwepesi angeuchagua huu. Ingekuwa kosa. Mkaratusi ni mgeni aliyekaribishwa, anayetumika na kulaumiwa, aliyekwisha kuingizwa katika ugomvi wa mipaka na majirani. Hauna upweke wowote.

Mti wa tatu ni omotembe, ambao wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica. Ni mti wa asili wa nchi hizi, wenye gome zito lenye miiba. Mambo mawili juu yake yanahusu hoja hii. La kwanza ni kwamba huchanua maua mekundu sana wakati umepukutisha majani. La pili ni kwamba kipande chake kilichokatwa na kuchomekwa ardhini kama nguzo ya ua huota mizizi na kuchipua. Mtazamaji aliyekua akiuona mti huu hawezi kuutazama mti wa Beckett kwa macho ya Paris. Kwake mti usio na majani si lazima uwe umekufa wala uko katika kipupwe. Huenda uko karibu kuchanua. Na majani machache ya tendo la pili hayatamshangaza wala hatayaona kuwa muujiza au dhihaka, kwa maana amekwisha kuona nguzo za ua zikifanya hivyo. Huenda swali lake likawa tofauti: wale wawili wanangoja nini chini ya mti ambao hawakuupanda na hawautunzi, na kwa nini hakuna mmoja wao anayeuliza ni wa nani?

Swali hilo halimshindi Beckett. Linaufunua upande wa tamthilia ambao ubishi wa matumaini na dhihaka umeuficha, yaani kwamba wahusika wake ni watu wasio na ardhi, wanaolala mitaroni na kupigwa usiku. Ubwege wao una sura ya kijamii. Msomaji wa makazi ya Nyansiongo, ambaye wazazi wake walijua thamani ya kupewa hati ya ekari chache, yuko mahali pazuri pa kuiona sura hiyo.

7. Pingamizi na hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba uhakiki wa namna hii utaivunja fasihi vipande vipande, kila wilaya ikiwa na tafsiri yake ya mti. Pingamizi hilo lina uzito, kwani kazi ya fasihi haiwezi kumaanisha lolote ambalo msomaji ameliona dirishani. Hata hivyo lisisahauliwe jambo moja: orodha ya ishara inayodhaniwa kuwa ya wote nayo ilitoka mahali. Ukavu wa mti wa kipupwe ni wa Ulaya. Ukavu wa boriti yenye mchwa ni wa pwani. Kilichoitwa cha ulimwengu wote mara nyingi ni cha mahali pamoja ambapo wenyewe hawakuulizwa. Kuitaja Nyansiongo ni kuweka wazi kile ambacho wahakiki wengine hukifanya kimya kimya.

Inaweza kupingwa pia kwamba Kezilahabi hakuandika riwaya za miti, na kwamba kumhusisha na methali ya mti mkavu ni kumlazimisha. Ni kweli kwamba katika Kichwamaji mti si mhusika. Lakini taashira haiishii katika vitu vinavyotajwa. Iko pia katika muundo wa tendo. Kitenzi cha methali, kulemela, kinaeleza mwendo wa Kazimoto na wa Tumaini kwa usahihi kuliko kichefuchefu cha Bouville. Na tofauti hiyo ina matokeo ya kimaadili. Mtu aliyegundua kwamba vitu havina maana anaweza kuishi peke yake na ugunduzi wake. Mtu aliyevunjikiwa na egemeo amevunjikiwa pamoja na wengine walioegemea hapo: Kazimoto anapoanguka, Sabina amekwisha kuzaa mtoto aliyeharibika.

Kwa hiyo mwalimu na mhakiki wanapokutana na mmea katika kazi ya kidhanaishi, inafaa waanze na maswali ya kazi kabla ya yale ya maana. Nani aliupanda? Nani huukata, na kwa kisu cha nani? Jina lake limetoka wapi, na je, mmea unatimiza au umeshindwa kutimiza kile ambacho jina limeahidi? Nani ameweka uzito wake juu yake? Majibu ya maswali hayo yatatofautiana kati ya Bouville, Ukerewe, Unguja na Nyansiongo, na katika tofauti hizo ndipo ulinganishi wa kweli wa fasihi huanza.

Jambo la mwisho linahusu waandishi zaidi ya wahakiki. Fasihi ya Kiswahili imeupokea mti mkavu kutoka pwani na kuutumia kwa karne nyingi. Mti uliopogolewa wa nyanda za juu, ulio kijani mwaka mzima na usioruhusiwa kuwa na kimo chake, bado haujapata riwaya ya Kiswahili inayoustahili. Taashira ya kuwako kulikofupishwa, kunakoonekana kama neema kwa anayepita barabarani, imo katika kila shamba la chai kati ya Nyansiongo na Kericho. Atakayeiandika hatahitaji kuazima mzizi wa bustani ya Ulaya. Atahitaji kujua siku ya kupogoa, na kuiita mimea hiyo tena kwa jina la mti.